Mjumbe wa Upande wa Pili wa Ukuta

Katika mchezo ule Auleria alitokea mara moja tu, karibu na mwisho. Muda wote wa mwanzo alikaa nyuma ya pazia la kanga zilizoshonwa pamoja, akiwasikiliza wenzake wakila karamu ya kuigiza. Bwana mwenye nyumba alikuwa kijana fundi cherehani, mwembamba kama njiti, aliyefungwa foronya iliyojazwa nguo kuukuu tumboni ili aonekane ana uwezo. Wageni wake walimsifia nyumba, wakamsifia na ukuta. Ukuta huo ndio kisa chenyewe: tajiri amejenga kukatisha mkondo wa maji, masika imekuja, walio chini wamegharikishwa, na yeye yuko mezani anachagua paja la kuku. Hapo ngoma inalia, na Auleria anatoka peku, shuka jeupe begani, anasimama mbele ya meza. Hana jina. Kwenye karatasi za Isack, mwalimu wa Kiswahili aliyeuandika mchezo na kukiongoza kikundi, aliandikwa Mjumbe, basi.

Mara ya kwanza walipoucheza Manzese, kwenye uwanja wa mtaa, mtu mmoja alipaza sauti kutoka nyuma, "Mjumbe wa shina gani?" Watu wakaangua kicheko. Auleria alingoja. Alikuwa mwanamke mrefu, umri wake ulikuwa umepita sitini, na alijua kungoja. Kicheko kilipoisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu aliyetumwa kuita jirani:

"Nimetumwa na walio upande wa pili wa ukuta. Wanauliza, mlipokuwa mnajenga, mlidhani maji yatalala wapi?"

Uwanja ulilipuka kwa makofi na miluzi. Wanawake walirusha mitandio yao hewani. Lakini Isack hakuwa ameishia kwenye maneno hayo. Mjumbe akishamaliza na tajiri huwageukia watazamaji, anawaangalia mmoja mmoja, na anasema, "Na nyie mnaonipigia makofi. Mvua ikinyesha, nani anafungulia choo chake uchafu uende na maji? Nani anamwaga taka kwenye mtaro zikamzibie wa chini?"

Hapo makofi yalikatika. Yalikatika Manzese, yakakatika Temeke, yakakatika kila walipokwenda kwa miaka minne. Mchezo ulipokwisha watu walimzunguka yule kijana wa foronya, wakampiga picha, wakamtania kitambi chake. Auleria alikunja shuka lake, akavaa viatu, akaondoka zake.

Hakuwa amezaliwa msanii. Alitoka Muleba akiwa mwali, akamfuata mumewe Leodegar, mwalimu wa shule ya msingi, mpaka Dar es Salaam. Yeye mwenyewe alipata ukarani wa masjala kwenye ofisi moja ya serikali, akaufanya hadi kustaafu. Mtoto wao alikuwa mmoja, Brightson. Walikuwa na kiwanja Kimara, wakakiuza ili Brightson asome chuo, na baada ya hapo hawakupata tena uwezo wa kununua kingine. Leodegar alifariki miaka sita iliyopita, kwa presha, katikati ya wiki, na Auleria akahamia chumba na sebule Manzese, karibu na parokia, katika nyumba yenye wapangaji saba na ua mmoja.

Isack alimsikia kanisani akisoma somo la kwanza. Misa ilipoisha akamfuata nje.

"Shikamoo mama. Unasoma kama mtu aliyekuwepo mambo hayo yakitokea."

"Marahaba mwanangu. Masomo yenyewe yameandikwa vizuri."

"Nina mchezo, nimekosa mtu wa mwisho. Vijana wangu wanapiga kelele tu. Namtaka mtu ambaye akiongea, mwenzake anaweka kijiko chini."

Alikubali kwa sababu mazoezi yalikuwa Jumanne na Alhamisi, na siku hizo zilikuwa ndefu kwake kuliko nyingine. Hakumwambia Isack hivyo. Hakumwambia mtu. Alikuwa amejifunza ujanja wake mdogo wa kujaza siku: kwenda sokoni kwa njia ya mzunguko ili asalimiwe na watu wengi zaidi, kupika mlango ukiwa wazi, kununua nyanya fungu moja asubuhi na kitunguu jioni, ingawa vyote viliuzwa meza moja.

Alidhani mchezo ungemletea watu. Ulimletea jina. Watoto walimwita Mama Mjumbe, na wakubwa wakafuata. Ila akitokea uani na ndoo yake, mazungumzo yalipunguza kasi. Mtu aliyebeba mfuko wa taka kuelekea mtaroni aligeuka kama aliyesahau kitu ndani. Munira, mpangaji wa chumba cha pembeni aliyekaanga vitumbua kila alfajiri, alikuwa akimtania, "Mama Mjumbe, leo usituseme, tumeamka vibaya." Alitania kwa mapenzi. Lakini ilikuwa kweli kwamba hakuna aliyekaa na Auleria kibarazani akamsema jirani mwingine, na katika ua ule, mtu ambaye watu hawasengenyi naye ni mtu asiyekaribishwa.

Mwaka huu, kabla ya Pasaka, Brightson alimpigia simu. Alikuwa wakala wa kutoa mizigo bandarini, mambo yake yamemnyookea, na alikuwa amemaliza kujenga Chanika.

"Mama, chumba chako kipo tayari. Njoo ukae wiki mbili kwanza uone. Ukipenda tunakuja na gari kuchukua vitu vyako vyote."

"Nitawasumbua bure."

"Unamsumbua nani? Blessing ameshanunua mapazia. Anauliza ulipenda rangi gani ile siku, kijani au bluu."

Auleria alisema kijani. Simu ilipokatika alikaa kitandani na kuitazama sebule yake: makochi mawili ambayo moja halikuwa likikaliwa, picha ya Leodegar, redio. Aliona aibu kidogo kwa jinsi alivyofurahi.

Nyumba ya Chanika ilikuwa nzuri, hakuna aliyeweza kusema vinginevyo. Bati la rangi, vyumba vitano, ua mpana uliosakafiwa, na ukuta wa tofali ulioizunguka yote, na geti jeusi. Chumba chake kilikuwa nyuma. Mjukuu wake Anna, mwenye miaka tisa, alihamia humo usiku wa kwanza bila kumwomba mtu ruhusa. Alilala kama mtu anayeogelea, miguu mbavuni mwa bibi yake. Auleria hakuisogeza. Miaka sita hakuwa amelala karibu na mtu anayepumua.

Siku zilimwendea vizuri. Blessing alikuwa mkwe mtaratibu, mwenye duka la vifaa vya shule pale senta. Aliamka mapema, akamwachia chai kwenye chupa, akampigia mchana kuuliza kama amekula. Anna alikuwa akijiandaa kwa komunyo ya kwanza, itakayofanyika Jumapili baada ya Pasaka, na jioni alimkariria bibi yake sala zote huku akiruka kamba. Brightson akirudi alivua viatu mlangoni na kusema, "Mama yupo?" hata kabla ya salamu. Kwa neno hilo tu Auleria angekaa Chanika mpaka kufa.

Alhamisi ya wiki ya komunyo mvua ilishuka asubuhi. Wote walikuwa wameondoka. Auleria alikaa dirishani, pazia la kijani limevutwa pembeni, akitazama maji yakiteleza juu ya sakafu ya ua kwenda kwenye matundu ya pembeni. Hakuna maji yaliyotuama uani, ingawa mvua ilikuwa haijapungua. Kisha akasikia mkwaruzo. Ulitoka nyuma ya ukuta, ukanyamaza, ukarudi. Alifanya kazi za nyumbani miaka mingi mno kushindwa kuitambua sauti ile. Ilikuwa ndoo inayokumba maji kutoka kwenye sakafu ya saruji.

Alichukua mwavuli, akafungua geti, akauzunguka ukuta kwa nje. Upande wa juu maji yalikuwa yakishuka kwa nguvu, mekundu, yakaufikia ukuta, yakasimama, yakapinda kuufuata mpaka kwenye kona, na kutoka hapo yakaporomoka. Yalikoporomokea palikuwa na nyumba ndogo ya tofali zisizopigwa lipu. Matuta ya mchicha mbele yake yalikuwa yamefunikwa. Mlangoni alisimama mwanamke wa miaka kama arobaini, gauni amelikunja kiunoni, anachota na kumwaga. Ndani, godoro lilikuwa juu ya meza.

"Shikamoo mama," alisema yule mwanamke bila kuacha kuchota.

"Marahaba. Pole, mwanangu."

"Asante. Ndo hivyo, tushazoea."

Auleria aliegesha mwavuli, akaokota beseni lililokuwa likielea, akaingia. Walichota pamoja hadi sakafu ikaanza kuonekana. Mwanamke aliitwa Raudha. Mumewe alikuwa safarini Morogoro kwenye kazi ya kupasua mbao. Mchicha ndio uliowaendeshea maisha. Aliyasema haya yote kwa uchangamfu wa mtu aliyepata wa kuongea naye, mpaka alipouliza, "Na wewe mama, umetokea nyumba ipi?"

"Hii hapa."

Mkono wa Raudha ulibaki hewani na ndoo. "Mama yake Brightson?"

"Ndiye mie."

"Aa." Akaweka ndoo chini, akashusha gauni lake, akalinyoosha. Alipoongea tena sauti ilikuwa ya adabu, ile adabu ya kumwongelesha mtu wa ofisini. "Basi mama ingia ndani, utapata homa. Hii kidogo nitamalizia mwenyewe."

"Yalianza lini?"

"Yalianza nini, mama?"

"Maji kuja kwako."

Raudha alitazama ukuta, halafu akatazama miguu yake. "Zamani yalipitaga huko kwenu. Palikuwa na korongo dogo, watoto wanaruka tu. Kijana wako akajaza kifusi, akajenga. Nilimfuata. Alinisikiliza vizuri, sina ubaya naye. Akaniambia niende serikali ya mtaa. Nikaenda. Serikali ya mtaa wakaniambia nikaongee na kijana wako." Akacheka kidogo. "Basi nikaona nikae."

Auleria alirudi kwa njia ile ile, akafunga geti nyuma yake. Maneno ya kusema alikuwa nayo, ameyasema miaka minne, anayajua hata akiwa usingizini. Alikaa jikoni na nguo mbichi akijaribu kuyatamka polepole, na hayakuwa na ladha yoyote. Kwenye mchezo, mwenye nyumba alikuwa fundi cherehani. Hakuwa amewahi kumbeba mgongoni akiwa na surua.

Alhamisi hiyo jioni Anna alikuwa akijaribu gauni lake jeupe. Ijumaa Brightson alichelewa. Jumamosi ua ulijaa sufuria na wapishi.

Jumapili wageni walikaa chini ya turubai, wengi tu, wafanyakazi wenzake Brightson na jumuiya ya kanisa, na vinywaji vilipita. Mgeni mmoja, mtu mwenye suti ya kijivu, aliupiga ukuta kwa kiganja kama anayempapasa ng'ombe. "Braza, ukuta umetulia. Hapa hata gharika haiingii." Brightson akacheka. Auleria aliyasikia maneno hayo akiwa hatua tatu nyuma yao, sahani mkononi.

Baadaye Blessing alisimama karibu na msema chochote, kijana aliyeongoza sherehe, akamnong'oneza, na yule kijana akatangaza kwa kipaza sauti kwamba bibi wa mtoto ni msanii wa jukwaa, watu wengi hawajui, basi atoe neno. Watu wakapiga makofi. Kipaza sauti kikamfikia mkononi.

Auleria alisimama. Wote waliweka vijiko chini, kama Isack alivyotaka. Meza ilikuwa mbele yake, ukuta nyuma ya meza, na nyuma ya ukuta godoro ambalo labda lilikuwa bado halijakauka. Alimwona mwanawe akitabasamu, fahari imemjaa, na Anna na taji lake la maua meupe lililopinda. Alifungua kinywa.

"Namshukuru Mungu kwa huyu mtoto," alisema. "Akue, awe na huruma." Sauti ikamwishia hapo. Wakadhani ni machozi ya furaha, wakampigia vigelegele, na yeye akakaa.

Mpaka leo hajui kama ile ilikuwa heshima au woga.

Jumatatu Brightson hakwenda kazini. Vijana walikuwa wakishusha turubai. Auleria alimkuta nyuma ya nyumba, anakagua bomba.

"Brightson, ukuta huu umefunga njia ya maji."

Hakugeuka mara moja. "Nani kakwambia?"

"Nimeona. Alhamisi nilikuwa kwa Raudha."

"Ulienda kufanya nini?"

"Kukumba maji."

Akageuka. "Mama, yule amejenga bondeni. Hata nisingejenga ukuta, maji yangemfuata tu."

"Yalikuwa yanapita hapa tuliposimama."

"Kiwanja kina hati."

"Sijasema hakina. Nasema fundi anaweza kutoboa, akaweka makaravati, maji yapite chini. Ua wako hautaharibika."

"Hapa si jukwaani, Mama." Alisema taratibu, bila ukali, na ndiyo maana ilimchoma. "Kama ulitaka kunisema ungenisema jana. Kipaza sauti si ulikuwa nacho?"

"Jana ilikuwa siku ya mtoto."

"Na leo ni siku ya nani?" Alijifuta mikono kwenye suruali. "Mnazunguka na mchezo wenu kuwasema watu wenye nyumba. Huko Manzese mnafanyaje choo kikijaa? Nilikuja masika iliyopita, nilinusa. Ulisema nini siku ile?"

Hakuwa amesema kitu. Kila mvua kubwa iliponyesha, mtu wa mwenye nyumba alikuja na koleo, akafungua tundu la nyuma ya choo, na uchafu ukashuka na mtaro kwenda kwa watu wasiojulikana majina. Auleria alikuwa akifunga dirisha na kuongeza sauti ya redio. Yeye, aliyesimama uwanjani na kuuliza ni nani.

"Sikusema kitu," alijibu.

Brightson alitikisa kichwa, kama mtu aliyeshinda jambo asilolitaka. "Nitaangalia hilo la makaravati."

Aliijua sauti hiyo. Karani wa masjala anaijua. Ndiyo sauti ya faili linalorudishwa kabatini. Basi akasema lile ambalo hakuwa amelipanga: "Mie siwezi kulala chumba kile nikisikia ndoo upande wa pili."

Alimaanisha ndoo. Brightson alisikia chumba. Uso wake ulibadilika, ukawa wa yule mtoto aliyewahi kuleta ripoti nzuri na kumkuta baba yake amelala. "Sawa, Mama. Kama chumba hakifai, hakifai."

Angeweza kumrudisha kwa neno moja. Alilitafuta, halikuja, na mwanawe akaingia ndani.

Blessing ndiye aliyemsindikiza stendi, begi ameliweka kichwani ingawa lilikuwa dogo. Njiani alisema, "Mngeongea taratibu tu, mama."

"Tuliongea taratibu, mwanangu."

Mwezi wa tano mvua zilirudi Manzese kwa hasira, na mtu wa koleo akaja. Safari hii Auleria alitoka na mwavuli akasimama mbele ya tundu. Wapangaji walichungulia milangoni mwao.

"Leo usifungue," alisema.

"Bibi, nimetumwa."

"Hata mie. Ngojeni mvua ikatike, tuite watu wa kunyonya vyoo."

Munira alisogea, kanga juu ya kichwa. Hakuwa akitania. "Mama Mjumbe, kimejaa mpaka juu. Nina watoto watatu. Tutaenda wapi leo?"

Isack hakuwa ameandika sehemu hiyo. Auleria alisimama kidogo, maji yakimpita vifundoni, kisha akasogea pembeni, na mtu yule akafungua. Hakurudi ndani mapema. Alikaa palepale akiangalia uchafu unavyoshuka, mpaka uliposhuka wote. Kuanzia siku hiyo wapangaji wawili waliacha kumsalimia, na hakuweza kuwalaumu. Alikuwa amewaaibisha bila kuwasaidia.

Siku zilikuwa ndefu kuliko hata baada ya msiba wa Leodegar. Msibani watu huja. Jumapili simu ya Chanika haikulia. Alijikuta anaongea na mtangazaji wa redio, anambishia kuhusu bei ya sukari. Mara moja alipiga yeye, Anna akapokea, akasimulia habari za mtihani, kisha sauti ya Blessing ikasema kwa mbali, "Mwambie bibi baba yuko bafuni." Auleria alisikia mlio wa televisheni na kikohozi cha mwanawe, karibu kabisa na simu.

Walipokwenda kucheza Tandale, jirani na soko, uwanja ulijaa wachukuzi waliomaliza kazi, wachuuzi, wanawake na vikapu vyao. Karamu ikaliwa. Auleria akatoka, akasema ya kwanza, wakamshangilia. Akawageukia. Alipofika mahali pa kusema "na nyie," ulimi ulikataa.

"Na sie," alisema.

Nyuma ya pazia Isack aliinua kichwa kutoka kwenye karatasi zake.

"Na sie tunaopiga makofi. Mvua ikinyesha, pale ninapokaa wanafungulia choo. Mie nafunga dirisha, nafungulia redio. Mwaka wa sita huu. Juzi nilisimama nikawakataza, wakaniuliza tutaenda wapi, nikakosa la kusema. Sina la kusema hata leo. Nimekuja kuwaambia tu kwamba mimi nipo kati yao."

Kimya kilikuwa kilekile, lakini hakuna aliyetazama chini. Mchukuzi mmoja mzee, gunia tupu begani, akasema, "Hata kwetu," kana kwamba ameulizwa. Mwanamke akasema, "Na kwetu." Hawakupiga makofi. Walikaa wakiongea wao kwa wao, na vijana wa kikundi walilazimika kuomba njia ili watoe meza.

Isack alimfikia akikunja shuka. "Mama, hayo hayapo kwenye karatasi."

"Najua. Uyaandike, au utafute mtu mwingine."

Alifikiri. "Nitayaandika," alisema. Kisha akaenda kusaidia kubeba meza, na Auleria akarudi Manzese peke yake, kwa miguu.

Habari zilimtangulia au zilimfuata, hajui, maana wiki hiyo Munira aligonga mlango wake na kukaa kwenye kochi lisilokaliwa. "Hao watu wa kunyonya unaowasema, wanaingia kwenye uchochoro wetu?" Auleria alisema hajui, twende tukaulize. Walikwenda. Gari halikuweza kuingia. Kulikuwa na vijana waliotumia pampu ya mkono na mapipa. Wapangaji watano kati ya saba walikubali kuchangia, wawili walikataa na hawajakubali hadi sasa. Mwenye nyumba alisema atafikiria.

Mwezi wa nane, Jumamosi asubuhi, Brightson alibisha hodi. Alikuwa amekonda. Alikaa, akanywa chai, akaulizia wapangaji, akaulizia parokia. Alipomaliza kikombe cha pili akasema huku akitazama mlango:

"Tumeweka makaravati. Mawili."

"Vizuri."

"Ukuta ulianza kupasuka. Fundi alisema maji yanakula msingi, utaanguka."

Auleria hakuuliza kama ni kwa ajili ya ukuta peke yake. Alimmiminia tena.

"Yule Raudha humletea Blessing mchicha siku hizi," aliongeza. "Hatumwambii alete. Analeta tu." Alizungusha kikombe mkononi. "Mama yake Blessing amekuja kutoka Rombo. Macho yanamsumbua, anahudhuria kliniki. Tumemweka kile chumba. Hatukujua kama wewe..."

"Mmefanya vizuri. Mtu wa macho anataka chumba chenye mwanga."

"Anna anakuulizia."

"Mwambie nami namuulizia."

Walikaa. Kulikuwa na mambo mengine ya kusema, na wote wawili waliyaona yalipo, na kila mmoja alimwachia mwenzake ayaanze. Uani mafuta ya Munira yalikuwa yakichemka. Hatimaye Brightson alisimama, akainamisha kichwa kidogo kama alivyofanya alipokuwa akienda shule, na mama yake akamfuta vumbi lisilokuwepo begani.

Alimsindikiza mpaka Barabara ya Morogoro. Mabasi ya mwendokasi yalikuwa yakipita. Mwanawe alivuka, akageuka upande wa pili, akainua mkono, na Auleria akainua wake. Alisimama hapo hadi alipompoteza katikati ya watu, kisha akanunua nyanya, vitunguu na mkate, vyote kwa pamoja, akarudi kwake kuosha vikombe.